Kalkuleta ya Marigu

Vero uko? Wacha kila kitu usome hii!!

Marigu wetu amemalizwa leo huku college. Mbele ya baba yake, wuui!

Si unajua ile kalkuleta ametengeneza ya kwa browser, na JavaScript? Leo ndio ingempatia kazi ya kufundisha lab. Jana ilikuwa inapiga hesabu poa kabisa. Asubuhi Mwalimu Kathuri akaingia kwa code, zile amri zinaiendesha, akafuta kitu, ati "hii ni takataka."

Marigu akamwambia, "Mwalimu, hiyo ndio inaambia computer hizi ni namba, si maandishi." Jamaa akacheka tu.

Sasa wakati wa kuonyesha wageni ukafika, principal akabonyeza 7 + 5.

Ikaandika 75.

SABINI NA TANO Vero! Imezibandika tu kama herufi!

Watu wote kicheko. Na Kathuri bila aibu: "Nilimwonya huyu msichana. Arudi class ya typing." Kazi ikaenda hivyo.

Marigu alikuwa ashafungua mdomo aseme ukweli. Lakini mzee wake, ametoka Kiambere alfajiri na koti yake ya kanisa, alikuwa ashasimama, ameshika mkono wa Kathuri na mikono yake miwili: "Asante sana mwalimu, kwa kumvumilia mtoto wangu."