Sauti Yangu ya Alabama

Jumatatu, 4 Agosti

Simu hamsini na mbili leo. Wazee wa Sydney wanataka gari la kwenda kliniki, kwa daktari wa macho, kusafishwa damu. Nimeandika, nimethibitisha. Koo limekauka. Chai ya tangawizi vikombe vitatu, haikusaidia.

Saa kumi Leanne, meneja wetu, kaniita. Kuna malalamiko mawili. Si kwamba nimekosea kitu. Ni sauti yangu. Bibi mmoja anadhani naigiza sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani. Mwingine hakupenda kuitwa "ma'am", kajisikia mzee. Ana miaka themanini na nne.

Muda wangu wa majaribio unaisha tarehe 22. Watasikiliza rekodi za simu zangu, ndipo waamue kama nitaajiriwa moja kwa moja. Leanne anataka lafudhi "ya kawaida zaidi". Todd atanifundisha. Todd ni Mmarekani wa Boston, tunakaa meza moja. Eti yeye anasikika kama profesa.

Nimekasirika mpaka nikapitiliza kituo changu cha Lidcombe. Nikarudi na treni nyingine.

Jumatano, 6 Agosti

Niandike, nisije nikaanza kuwaamini.

Tanga nilitoka na Kiingereza cha shule, kisichoweza hata kuomba chumvi. Mume wangu Salim alipata kazi ya ufundi wa malori Alabama, Marekani, nikamfuata. Nikaajiriwa jikoni kwenye shule ya msingi. Walimu wangu ni wanawake waliokuwa wakimenya viazi, hasa Bi Earline. Wanaongea polepole. Wanavuta irabu kama hawana pa kwenda. Hawamkatizi mtu. Miaka kumi na moja, kisha tukahamia huku Australia. Kiingereza hicho nimelia kwacho, nimezaa kwacho, nimegombana na bima kwacho. Sina kingine.

Na kule kila mwanamke aliyekuzidi umri ni "ma'am". Nilipoligundua hilo nilishusha pumzi. Nilikuwa natafuta pa kuiweka shikamoo yangu, nikapapata. Kumbe hapa Sydney ukimwita mtu hivyo umemzeesha. Sawa, asiyelitaka nitamwondolea. Sauti ni jambo jingine.

Kwenye simu wananidhania mke wa mkulima, mzungu mwenye farasi. Wakiniona na ushungi wangu wanaangalia nyuma yangu kumtafuta aliyeongea.

Ijumaa, 8 Agosti

Somo la kwanza na Todd. Chumba cha mikutano, mlango umefungwa, kama tunafanya dhambi.

Si mtu mbaya. Ndiyo maana imeniuma zaidi. Kaniambia kwa upole kwamba huko kwao kaskazini mtu akisikia sauti ya kusini, anakuhesabu mjinga kabla hujamaliza sentensi. Mjinga, lakini mwema, anayekaanga kuku vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa akiwahesabu hivyo. Chuoni alikuwa na mwenzake wa Tennessee, hodari wa hesabu kuliko wote, na darasa likawa linatabasamu kila akinyoosha mkono.

Nikamuuliza nani aliyepanga sauti ipi ina akili. Akacheka. Kisha akasema hajui.

Todd mwenyewe anameza "r" zote. Akitaja gari kwa Kiingereza, neno halifiki mwisho. Ila yeye akimeza ni msomi, mimi nikivuta ni mshamba.

Jumapili, 10 Agosti

Auburn ya hapa Sydney, kwa muuza nyama. Nimekutana na Mama Furaha, yule Mkongo anayewatunza wazee kwenye makao yao. Nimemmwagia yote. Kaniangalia.

"Weye bazungu banacheka, lakini banakusikia," kasema. "Miye banasema repeat, repeat, mpaka naandika ku karatasi."



Na mimi si malaika. Nilipomfahamu mwanzoni, nilirudi nyumbani nikamwigiza mbele ya Salim, ku hapa, ku pale, tukacheka mpaka machozi. Sisi wa Tanga tunajiona lugha tulishushiwa sisi. Leo nimeona aibu, na nikamnunulia maini asiyoyaomba.

Salim anasema nimeze tu, wiki mbili si kitu. Nikishaajiriwa niongee nitakavyo. Labda.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeanza sauti mpya. Nimefupisha irabu. Nimeondoa mizaha, nimeondoa "honey" ya kumwita kila mtu. Nasoma karatasi aliyoniandikia Todd neno kwa neno. Leanne kapita nyuma yangu mara mbili, kidole gumba juu.

Nyumbani nimemjaribia Zuhura, binti yangu. Ana miaka kumi na tatu, Kiswahili anakisikia na kunijibu kwa Kiingereza. "Mama, stop. You sound like the lift."

Kweli. Ile sauti ya kwenye lifti, inayotaja ghorofa.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimefanya jambo baya. Nililifanya jana, nimelijua leo.

Mzee Keith wa Quakers Hill. Miaka themanini na moja, macho yameisha, anaishi peke yake. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi anakwenda kusafishwa damu. Mimi humpigia siku moja kabla kuthibitisha gari. Huniambia habari za kuku wake, namwambia habari za Bi Earline. Dakika mbili.

Jana nilimpigia kwa sauti ya karatasi. Akauliza anaongea na nani. Nikasema Mwanaidi. Akasema, "Wewe si yeye." Akakata. Nikapiga tena, hakupokea. Binti yake amemfundisha: sauti usiyoijua, kata, matapeli wamejaa. Jina langu tapeli yeyote anaweza kulisema. Haoni namba. Mimi kwake ni sauti tu, basi.

Kanuni inasema asiyethibitisha kufikia saa kumi na moja, gari lake hupewa mwingine. Nilimfuta kwa mkono wangu. Sikusita hata kidogo, nilikuwa najisifu moyoni kwa matamshi.

Leo hakwenda kusafishwa. Binti yake kapiga simu akilia, pumzi zimembana, gari la wagonjwa limemchukua.

Sijala.

Ijumaa, 15 Agosti

Kalala hospitali, wamemsafisha damu huko huko, yuko hai. Alhamdulillahi.

Leanne anasema utaratibu ulifuatwa. Alisema hivyo kunituliza. Laiti angenigombeza.

Mchana Keith karudi kwake. Nimempigia, rekodi ikiwa inanasa. Nimevuta irabu zote, moja baada ya nyingine.  Akasema juzi kuna mwanamke alijifanya mimi.

Nikamwambia alikuwa mimi. Nikamwomba msamaha. Kasema nisirudie. Nikamthibitishia gari la kesho.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeirudisha karatasi ya Todd, mezani kwa Leanne. Nimemwambia sauti yangu imerudi na haiendi popote. Wazee hawa hawaoni majina wala namba. Wengi wao wamebaki na masikio tu. Unaponibadilisha sauti unawaletea mgeni mlangoni.

Kasema ananielewa. Kasema pia malalamiko sasa ni manne, na uamuzi ni Ijumaa kama ulivyopangwa.

Salim kakasirika. Kasema kiburi changu kitatuponza, kwamba watu wanabadili dini kwa kazi sembuse lafudhi. Tumelala tumepeana migongo. Anaogopa, najua. Hata mimi naogopa. Lakini kuogopa si sababu ya kufuta mtu.

Simu arobaini na tisa. Zote kwa sauti yangu. Nimesikia raha kuongea, kama kuvua viatu.

Ijumaa, 22 Agosti

Wamenipa ajira. Ya kudumu, chumba cha nyuma, kuandika ujumbe kwenye kompyuta. Bila simu. Nitumikie kampuni nikiwa bubu.

Nimesoma mkataba mara mbili. Nimeweka kalamu chini bila kutia saini.

Leanne kaniuliza kama najua ninachofanya. Nimemwambia najua. Basi leo ndiyo siku yangu ya mwisho, kasema, na nadhani alitaka kulia. Sikumbembeleza.

Nimeomba saa mbili tu. Nikamvutia Todd kiti, nikampa kipokea sauti cha pili. Nikawapigia wazee wangu wote, mmoja mmoja. Nikawaambia naondoka, na kuanzia Jumatatu atawapigia huyu hapa. Ni mtu wa Boston, anameza maneno, mvumilie, ila ni mwaminifu. Msikilize vizuri sasa hivi ili usije ukamkatia. Kisha nikamwacha aongee. Todd jasho linamtoka. Kwa kila mzee nikamtaka Todd arudie mpaka mzee aseme basi, nimemshika.

Bibi aliyedhani naigiza sinema kaniuliza kwa nini naondoka. Nimemwambia wamenichoka sauti. Hakuniambia ni yeye, nami sikumwambia kwamba najua.

Keith kasikiliza, halafu kasema huyu anaongea ajabu sana, ametoka wapi. Todd kawa mwekundu mpaka masikioni.

Nimebeba kikombe changu na picha ya Zuhura. Sikulia ndani ya jengo.

Jumatano, 27 Agosti

Mvua. Nimefua, nimeanika ndani. Saa tisa mkono wangu umeenda sikioni wenyewe, kurekebisha kifaa kisichokuwepo.

Todd kaandika ujumbe. Wazee wote wamethibitisha, Keith pia. Juzi alimsomea karatasi, Keith akamwambia aongee kama mtu. Todd kaitupa.

Nimepiga simu mahali wanapotafuta mpokea simu, kliniki ya meno. Mwanamke aliyepokea kanisikiliza kidogo, kisha kauliza natoka wapi, kwa sauti ile ya mtu anayetabasamu. Nimemwambia Tanga, halafu Alabama, na sasa Lidcombe.

Kanyamaza.

Zamani ningejieleza. Ningecheka kwanza mimi ili asiwahi yeye. Leo nimesimama dirishani na simu sikioni, nikamwachia nafasi yake aseme atakalo.