Kopo la Onjali kutoka Udalguri

Kawira, aibu niliyopata leo!

Mgeni ametokea ofisini hapa Marshalltown bila taarifa. Ni Onjali, mwalimu wa lugha ya Kibodo kutoka wilaya ya Udalguri, India. Amesoma makala yangu kuhusu kwao: mashamba ya mpunga na chai, akina mama wanaofuga viwavi, wanaofuma hariri yao na kula mabuu wanaobaki.

"Uliandika mabuu ni watamu ajabu. Ulikula wapi?"

Sijawahi kula, Kawira. SIJAWAHI. Nikakiri.

"Lakini uliponijibu barua pepe uliniahidi nikija tutakula pamoja." Akafungua kopo la mabuu.

Parfait, Mkongomani tunayekaa naye ofisini, akacheka: "Ndugu, kwetu mabuu hawa ukichelewa unakuta sahani tupu!"

Mimi, ninayejiita mtetezi wa vijiji, nikasogeza kiti nyuma! Onjali akaanza kufunika kopo, uso umemshuka.

Nikamzuia. Nikatafuna wawili, machozi tele. Kisha nikaomba wa tatu, maana niliahidi kula, si kuonja.