Ndege Yetu Iligoma Kushuka

Nyumbani,
Nyumba ya kona, nyuma ya gereji.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko ugenini? Natumaini kile kikohozi ulichokuwa ukikilalamikia kwenye simu kimekuacha, na usingizi unaupata. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ila mdomo mzima, kama unavyomjua.

Uliuliza ile ndege ya rimoti ya shemeji yako imefikia wapi. Acha nikueleze, maana nimejaa mpaka shingoni.

Tangu apunguzwe kazini, meza ya kulia imekuwa karakana. Tunakula tumepakata sahani. Sikumsema, kwa sababu ndege ile ndiyo iliyomfanya aanze tena kuongea humu ndani. Mwishowe na mimi nikaingia. Nikakata mabawa mapya ya povu gumu, marefu na membamba, kwa mkono huuhuu unaokata nguo za wateja. Akayakataa. Nikamwambia tupime.

Kupima kwenyewe si kazi. Unazungusha ndege juu ya uwanja wa mpira kwa kimo kimoja, kwanza na mabawa ya zamani, kisha na mapya, betri ikiwa imejaa. Halafu unasoma kwenye kipimo kilichofungwa tumboni mwake umeme uliotumika; mabawa yaliyotumia kidogo ndiyo bora.

Lakini shemeji yako akishika rimoti hatulii. Anaipindua, anaipandisha, watu wanashangilia, betri inakwisha, hatujapima kitu. Mara upepo, mara kasahau kuchaji. Mabawa ya zamani tuliyapima kwa taabu. Jana, zamu ya mapya, nikamwambia, "Lete mimi."

"Hujawahi kuirusha."

"Na wewe hujawahi kuituliza."

Akanipa. Ndugu yangu, ilikaa juu kama imewekwa. Nikapunguza nguvu mpaka mota ikawa haisikiki, na bado inakwenda. Nikajua nimeshinda.

Nikataka kuishusha. Haikunisikia. Waya mmoja ndani ya rimoti, alioulehemu mume wangu mwenyewe, ulikuwa umeachia. Ndege ikashika njia yake, polepole, juu ya mapaa, hadi tukaipoteza machoni. Na kipimo kimo humohumo.

Tulizunguka mitaa tukiuliza. Mwenye duka mmoja alisema ameiona ikipita, "wala haikuonekana kuchoka." Nilitaka kulia.

Njiani mume wangu akasema, "Mabawa yako ni mazuri." Maneno niliyoyangoja muda wote huo, nikayapata bila namba hata moja ya kuyashikia.

Leo ameleta povu jipya la ndege nyingine, akaweka kisu mbele yangu. "Safari hii anza wewe," akasema. Nikachukua kalamu nikuandikie kwanza, maana kwa hasira hizi ningelikata vipande.

Nisalimie wifi na mapacha. Mama anakuombea, na shemeji yako anakusalimu huku ananiangalia kwa pembe ya jicho. Mungu akutangulie kila unapokanyaga.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata akiwa amenuna.