Merikebu Yako Haikuita Radi

Kapata, Kolwezi
Jumapili, tarehe 9 Novemba

Tata,

Nimeamua kukueleza yote, baba yangu, hata yale ambayo Mama amenikataza kuyasema nje ya nyumba. Utanisamehe nikiyasema vibaya. Akili yangu bado haijakubali. Asubuhi hii niliandaa vikombe mezani nikaweka na chako, kile chenye mkono uliogundishwa, kisha nikabaki nikikitazama bila kujua nikirudishe wapi.

Umekufa. Nimeandika neno hilo ili nione kama kalamu itakubali. Imekubali.

Jumanne ile nilikuwa barazani nikishona pindo la tanga la mwisho la merikebu yetu, lile dogo la nyuma. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa mgodi wa Mashamba, lakini mvua ilikuwa haijaanza vizuri, matone machache tu juu ya mabati. Radi ikapiga. Haikunguruma kwanza kwa mbali kama kawaida yake. Ilipasuka tu, mara moja, na mimi nikajichoma sindano. Nikacheka, Tata. Nilimwambia Mama, "Leo mbingu imeamka vibaya," naye akacheka pia. Tulikuwa tukicheka, na wewe ulikuwa tayari umelala katika uwanja wa mpira wa shule.

Vijana waliokuwa wamejificha mvua chini ya paa la darasa ndio waliokuona. Walikuleta juu ya mlango walioung'oa hapohapo. Nilitafuta damu, sikuona. Nilitafuta jeraha, nikaona shati limechanika begani na kiatu kimoja hakipo. Mfuko wako wa kazi ulikuwa mzima. Nilitoa temosi, nikaifungua, sijui kwa nini, na mvuke ukatoka. Chai ilikuwa bado ya moto. Nilifikiri: mtu hawezi kufa kabla ya chai yake kupoa, hawa watu wamekosea, wamlaze tu vizuri.

Nilidhani tutalia. Nilikuwa nikisubiri ruhusa ya kulia kama vile mtu anavyosubiri kutapika. Lakini Tata mkubwa Mulumba, kaka yako, alifika kutoka Dilolo kwa treni kesho yake, akaingia na vumbi lake la safari, hakukaa, akainua mkono. "Mutu wa radi habamuliliake," alisema. "Mukipiga kelele, itajua njia ya nyumba. Itarudia."

Basi hatukulia. Kilio chako kilikuwa cha watu walioziba midomo kwa vitambaa. Mama aliuma kitambaa chake mpaka kikatoboka. Akina mama wa korasi ya kanisa walikuja na nyimbo zao, wakaambiwa wakae kimya, wakakaa, mikono juu ya magoti. Wapita njia walisimama barabarani na kuuliza kama humu ndani kuna msiba au kuna mkutano. Sijawahi kusikia ukimya wenye watu wengi namna ile. Ulikuzwa, ukafundishwa kazi, ukaoa, ukazaa, ukarekebisha breki za treni maisha yako yote, halafu umezikwa kama kitu kinachofichwa.

Na sasa nikuambie habari ya merikebu.

Unakumbuka jinsi ilivyoanza? Ulipofuatana na treni kama fundi mpaka Lobito, Angola, ukaona bahari kwa mara ya kwanza, na bandarini kulikuwa na merikebu ya milingoti mitatu. Ulirudi na picha moja tu katika simu, imepigwa upande mmoja, na mzungu mmoja mwenye kofia amesimama katikati akiziba sehemu yote ya nyuma. Ulisema tutaijenga yetu, ndogo ya kukaa juu ya kabati. Upande wa pili tuliubuni kwa kuufananisha na ule wa kwanza. Nyuma hatukuwa na la kufananisha, kwa hiyo ulichora kile unachokijua, na ndiyo maana merikebu yetu, ukiitazama kutoka nyuma, ni behewa la treni. Madamu Odette, mwalimu wangu wa fizike, alipoiona alikohoa kwa muda mrefu ili asicheke.

Nakumbuka ulivyochonga mkuku, ule uti wa mgongo wa chini, kutoka ubao wa sanduku la mizigo, na mbavu moja baada ya nyingine kutoka mlango wa kabati la zamani. Nakumbuka tulivyochemsha vipande vyembamba vya ubao katika sufuria ya Mama ili vikubali kupinda juu ya mbavu, na Mama akainua kifuniko akasema, "Leo tunakula bukari ya mbao?" Bukari ya jioni ile, ugali wetu, ilinuka gundi, na wewe ulikula yote, ukaomba tena, ili tu asiweze kulalamika.

Watoto wa mtaa walikuwa wakipita, wakiiita merikebu bato na wewe kapitene. "Tata Kapitene! Hii bato utaivukishia wapi? Mu shimo ya Mashamba?" Nawe ukajibu bila kuinua kichwa, "Weye njo wa kwanza nitatupa mu mayi, nione kama unajua kuogelea."

Matanga yalikuwa kazi yangu. Kamba zilikuwa zako. Mimi nilitaka tuzifanye kwa uzi, kama katika picha. Ulikataa. Ulinitazama juu ya miwani, ukaniita vile unavyoniita kwa sababu nimebeba jina la mama yako. "Mama, uzi ni ya batu ya bahari. Siye tuko na mukuba." Ukafungua mota iliyoungua ya vantilateri, ile feni yetu, ukatoa mukuba, waya wa shaba mwembamba kama unywele, ukashika drili ya mkono, nami nikashika ncha ya pili kwa koleo, nikawa ninatembea kinyumenyume hadi mlangoni huku waya ukijisokota kati yetu na kuwa kamba. Ulipofunga kamba zote na jua la saa kumi likaingia dirishani, merikebu iliwaka nyekundu. Majirani walikuja kuitazama. Mama Kalenga wa nyumba ya pili alisema haijawahi kuonekana Kapata.

Mama Kalenga huyohuyo ndiye aliyesema neno la kwanza siku ya kilio. Alisema polepole, akiangalia kabati: "Mukuba inaita radi." Basi. Alisema hivyo tu. Lakini neno lilitembea katika ukimya ule kutoka kiti hadi kiti, na lilipofika kwa Tata mkubwa lilikuwa tayari limekuwa hukumu.

"Nyumba moja tu mu Kapata yote iko na bato ya mukuba," alisema. "Moja. Na radi inapiga nani? Ilikuwa inakuya kwa ile bato, ikamukuta mu njia." Akamtuma mtu atafute petroli. Merikebu ichomwe uani kabla watu hawajatawanyika, wote waone.

Nilijikuta nimesimama mbele ya kabati. Sikumbuki kuinuka. Unanijua, sina tabia ya kujibu wakubwa, lakini nilisikia sauti yangu ikisema, "Tata mkubwa, radi ilipiga uwanjani. Haikupiga hapa."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Aliniambia kwa huruma kabisa, "Njo vile nasema, mwana. Ilikuwa haiyafika hapa."

Nilitazama watu. Watu wanaonijua tangu nabebwa mgongoni. Kila mmoja alikuwa akitazama milingoti ile kama nyoka. Hata mimi, nitakueleza ukweli kwa sababu nimeahidi yote, hata mimi nilisogea hatua moja mbali na kabati. Mwili wangu ulisogea wenyewe.

Ndipo Mama akasema. Tangu Jumanne alikuwa hajatoa neno. Aliondoa kitambaa mdomoni. "Yeye mumemuzika na sikulia, kwa sababu mulisema. Hii sitazika. Mutoe mukuba, mbao ibakie. Mutoto wake atabakia na nini?"

Tata mkubwa alifikiri. Alisogea, akagusa mlingoti kwa kidole kimoja, akakiondoa haraka, kama mtu anayepima pasi ya moto. Nilielewa kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amembeba ndugu yake kwenda kaburini na alihitaji kitu cha kulaumu chenye ukubwa wa kuweza kubebwa. "Sawa," alisema. "Lakini mukuba yote. Hata kipande moja isibakie. Jumamosi ya juma ijayo nitakuya, nitaibeba, nitaitupa mu Lualaba." Akaniuliza mimi, si Mama, kama nimekubali. Nikasema nimekubali. Nikampa mkono.

Tata, katika mji huu kila mtoto anajua pa kupeleka shaba iuzwe. Lakini bakuli lenye waya wako limekaa barazani tangu Ijumaa na hakuna aliyenyoosha mkono. Hata mbwa wa Mama Kalenga anazunguka upande mwingine.

Nimekuwa nikitoa kamba zako moja baada ya moja kwa koleo dogo. Sikujua kwamba nitakuwa nikisoma mikono yako. Kumbe kila fundo umelizungusha upande wa kushoto. Kumbe kwenye mlingoti wa mbele ulikosea, ukafungua, ukafunga tena, kwa maana mbao ina alama mbili. Pale ambapo hapaonekani, chini ya kijukwaa, umemaliza ncha za waya kwa kuzikunja ndani ili zisinichome ninapofunga matanga. Nilifikia hapo nikashindwa kuendelea. Nilikaa nimeshika koleo, nikauma kitambaa kama Mama.

Jana Madamu Odette alikuja kutupa pole. Alikaa nami barazani, akaniuliza nataka kujua nini. Nikamwuliza kama ni kweli. Alinijibu kama anavyojibu darasani, bila kupunguza. Alisema radi haitafuti shaba iliyomo ndani ya nyumba. Inatafuta njia fupi ya kufika chini, na kwenye mahali patupu inakichukua kilicho kirefu. Kisha akasema, "Mu ile kiwanja, kirefu ilikuwa Tata yako." Nilimshukuru. Najua ni ajabu kushukuru neno la namna hiyo, lakini tangu Jumanne lilikuwa neno la kwanza lililokaa mahali pake.

Baada ya hapo nikamwonyesha kitu ambacho sikukielewa. Nilipomaliza kutoa kamba zote za mlingoti mkubwa, ulibaki waya mmoja. Si kamba, haushiki chochote. Unaanzia kileleni kabisa, unashuka umelala ndani ya mfereji mwembamba uliouchonga na kuujaza nta, unaingia katika tundu dogo la sakafu, unapita ndani ya tumbo la merikebu. Nilipoigeuza juu chini nikaona kichwa cha msumari wa shaba, kidogo kama punje ya mtama, kwenye mkuku. Waya unaishia hapo. Katika picha ya simu hauonekani. Hukuniambia kitu.

Madamu Odette aliufuata kwa kidole hadi kwenye msumari. Akasema merikebu za kweli huwekewa shaba kutoka kilele cha mlingoti hadi chini majini, ili radi ikipiga ipite humo, ishuke baharini, na watu wasidhurike. Akasema bila shaka ulimwuliza mtu kule Lobito, kwa sababu si jambo la kubuni.

Kwa hiyo ulijua. Hilo ndilo linaloniacha nimeduwaa mpaka sasa hivi ninapoandika. Ulikuwa unaijua radi vizuri kuliko sisi wote, ukakaa mezani ukaiwekea merikebu ya mbao njia ya kupona, kwa siri, katika mahali ambapo hakuna mtu angeona. Halafu ukavuka uwanja mtupu na temosi yako.

Sitakulaumu. Nitamaliza hapa kabla sijaanza.

Mama anakusalimu. Anakula kidogo. Udongo wa kaburi lako umechimbwa na mvua upande wa miguu, kesho baada ya shule nitakwenda kuujaza na kuupiga vizuri. Lala, Tata. Nakuahidi kwamba merikebu itafungwa upya kwa uzi, nimekwisha kuupaka nta, na nitazungusha mafundo yote upande wa kushoto. Nakuahidi pia kwamba siku moja nitakwenda kusimama pale uliposimama Lobito, nipige picha ya nyuma ya meli, pasipo mtu mwenye kofia. Na siku watakaponiruhusu, nitakulilia kwa sauti yote niliyo nayo.

Lakini kuna jambo haliwezi kungoja. Nimempa Tata mkubwa mkono wangu kwamba hata kipande kimoja hakitabaki. Jumamosi atakuja kuangalia, na hataona waya uliolala ndani ya nta nisipomwonyesha. Nilimwuliza Mama nifanye nini. Alisema, "Mwenye bato aulizwe." Basi ninakuuliza wewe. Nitaweka barua hii chini ya mto, na wewe uje kwa njia yoyote waliyokuachia huko, hata ndoto fupi inatosha, hata neno moja, lakini uje kabla ya Jumamosi.

Waya huo wa ndani, Tata, niutoe au niuache?

Ngalula wako