Huruma ya Nairobi kwa Redio

Garissa,
Desemba 1999

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Natumaini baridi ya milima yenu ya Taita haijakuonyesha cha moto. Mimi na mjukuu wako Wakesho ni wazima, ingawa joto la huku halina adabu. Uliuliza mbona likizo imefika na hatuonekani. Basi keti nikueleze, maana yamenifika hapa kooni.

Kanisa lina kambi ya watoto, na mwaka huu wakubwa wa Nairobi wameamua kutufundisha kwa redio, ile ya kubonyeza ukisema, kumaliza kwa neno "Ova" na kuachia ukisikiliza. Hakuna hata mmoja aliyekubali kupanda basi aje. Kazi imeniangukia mimi. Kila asubuhi nawakusanya watoto wa walimu na wa polisi mbele ya kile kisanduku, sauti itufundishe huruma. Nusu yake ni mikwaruzo, na watoto wanaitikia "Ndiyo!" kabla swali halijaisha.

Jumatano sauti ikasema, "Leo saa sita mchana, watoto wampelekee jirani chakula. Ova." Mama, huu ni mwezi wa Ramadhani! Mji mzima umefunga. Nikabonyeza, nikaeleza kwamba majirani zetu ni Waislamu, tuwangoje wafuturu magharibi. "Mwalimu, tufuate ratiba. Vituo vyote ni saa sita. Ova." Nikabishana nao mpaka sauti ikakatika. Kugeuka, watoto hawapo, na sinia la mandazi niliyowakaangia halipo. Redio imesema, mimi ni nani?

Walikwenda nyumba ya pili, kwa Halima. Ndiye yule anayenilelea Wakesho nikiwa kazini, na hataki hata kusikia neno asante. Binti yake Sahra alikuwa amefunga kwa mara ya kwanza maishani, na alikuwa ameringa nayo mtaa mzima. Watoto wetu wakamwimbia, wakamtia andazi la moto mkononi. Akala. Alipomeza ndipo akakumbuka, akaangua kilio kama aliyefiwa. Nilifika nikihema. Halima alimshika bintiye mkono, akamwingiza ndani, akanifungia lango usoni. Afadhali angenitukana.

Alasiri redio ikafufuka, bila hata kuuliza yaliyotokea. "Hongera Garissa! Mmekuwa mfano kwa vituo vingine. Ova." Mama, nilitamani kukitupa kile kisanduku mtoni Tana.

Usiku ule sikulala vizuri. Kumpata mtu mwingine wa kumwachia mtoto kwa moyo mweupe namna ile, katika mji usio na ndugu yangu hata mmoja, ningeanzia wapi? Asubuhi sikuthubutu kumpeleka Wakesho. Nikamfungia chumbani na mdoli wake, nikawa navaa viatu ili niende naye kambini. Mara mlango ukagongwa. Halima.

"Mwalimu, mtoto iko wabi?"

Nikaanza kumwomba radhi, maneno yananipanda na kushuka. Akanikatiza kwa mkono.

"Sahra alisahau. Mtu akisahau akikula, Mungu ndio amelisha yeye. Saumu yake iko sawa, alimaliza mbaka magharibi. Hata leo amefunga."

"Lakini jana ulinifungia lango. Ulikasirika."

"Jana nilikuwa na mtoto ya kunyamazisha. Kukasirika ni leo, walahi."

"Leo nimekosa nini tena?"

"Saa mbili imefika, Sahra anangoja, mimi nangoja. Kwa nini umenificha mtoto yangu?"

Akanipita, akafungua chumba, akambeba Wakesho mgongoni, akaenda zake. Nilisimama pale na kiatu kimoja, nikalia.

Kambi ikimalizika tutapanda basi la kwanza lenye askari wa kulisindikiza, majambazi wa njiani wasitusimamishe. Nisalimie mjomba wetu mwalimu wa kwaya, na shangazi wa dukani, huyu mwambie kanga aliyonipa bado inadunda. Mkumbushe kaka kifunguamimba kwamba kalamu haiumi, naye aandike.

Asubuhi hii sauti imeuliza kama Garissa tuna tendo jipya la huruma la kuwasimulia wenzetu. Nimewajibu hatuna. La Halima sikuwapa.

Ni mimi binti yako, mwenye afya na hasira,
Mkawasi