Kiunzi cha Watu Wawili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, ila tangu Jumatano moyo umejaa hasira, na hasira yenyewe nimeihamisha kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine bila kupata pa kuitua. Goti lako linaendeleaje? Ulisema daktari wenu amekukataza kusimama zamu nzima, nami nakujua, umemsikiliza kwa sikio moja. Msalimie shemeji, na umkumbushe kwamba kile kigoda alichosema atakutengenezea ukalie wodini tunakisikia tangu mwaka juzi. Wapwa zangu wote nawasalimu, hasa yule wa mwisho anayedhani mimi nalala ndani ya kompyuta.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwenye sentensi ya pili, ukaanza kunionea huruma mahali nisipostahili. Barua hii nampa dereva wetu anayewaletea masanduku ya damu, kwa hiyo utaipata leo leo, kabla ya saa tano. Tafadhali isome yote, na uisome umekaa.

Unaikumbuka asubuhi ile ya mwaka jana. Mama aliyetoka kujifungua alikuwa anavuja damu, wewe ukafungua orodha ya benki ya damu kwenye kompyuta ya wodi, na orodha ikagoma kufunguka dakika arobaini nzima. Yule mama alipona kwa sababu wewe na mwenzako mlipiga simu hospitali moja baada ya nyingine mpaka mkapata. Jioni yake ulinipigia ukanieleza kwa sauti ya chini, na wewe huwa huna sauti ya chini. Sikuwahi kukueleza vizuri kilichotokea. Programu ile ilikuwa imejengwa juu ya kiunzi cha kisasa. Kiunzi ni ile mifupa ya tovuti inayokuja tayari, sisi waandishi wa programu tunaivika nyama. Basi wenye kiunzi kile walikuwa wamebadilisha mambo yao kwa mara ya nne mwaka ule, kampuni iliyotuuzia ikayapokea mabadiliko bila kuyajaribu, na orodha ikaanguka. Siku hiyo niliapa kwamba programu itakayofuata nitaichagulia mifupa mimi mwenyewe.

Nafasi ilipatikana. Mkuu wa kitengo chetu aliunda kamati ya kuteua kiunzi cha programu mpya ya benki ya damu, nami nikapendekeza kiunzi kikongwe ambacho nimekitumia miaka kumi na moja. Ni cha chanzo huria, maana yake kila mtu anaruhusiwa kukisoma, kukitumia bure na kupeleka marekebisho. Hakina urembo. Lakini katika miaka yote hiyo hakijawahi kuniamsha na balaa, na nilichokiandika juu yake miaka saba iliyopita bado kinafanya kazi leo bila kuguswa.

Ndipo wakamleta mshauri kutoka nje, ambaye ofisi nzima sasa inamwita Bwana Slaidi. Alizima taa, akawasha projekta, akauweka ukutani ukurasa wa kiunzi changu na kuanza kuhesabu watu kwa kidole kama anayehesabu kuku. Akasema watengenezaji wanaoonekana ni wawili, na huyo wa pili ni wa kuchungulia mara moja kwa mwaka. Akasema rekebisho la mwisho lina miezi mitano. Halafu, mbele ya watu wanane, akasema nimewaletea maiti na ninaomba wampe kitanda. Watu wakacheka. Mkuu wangu naye akacheka, na karani wa mikutano akaandika, sijui aliandika nini.

Dada, nilikereka mpaka masikio yakapata moto. Niliwaambia hakijarekebishwa miezi mitano kwa sababu hakijaharibika. Niliwaambia kile kiunzi cha kisasa alichokisifia yeye kina watengenezaji mia nne, na hao hao mia nne ndio waliotuzimia orodha asubuhi ile. Mtu anaona fundi amekaa anapumzika kwa sababu kazi yake imesimama imara, anasema fundi huyu hafai, tuleteeni wale wanaobomoa na kujenga kila mwezi ili tusikie nyundo. Mpaka leo nikikumbuka ule ukuta na kile kidole natamani kuvunja kitu.

Bwana Slaidi hakubishana. Aliniuliza swali moja tu: hao wawili wakiondoka, kisha likatokea tundu la usalama, nani ataliziba? Nikamjibu kwamba chanzo kiko wazi, yeyote anaweza kuliziba, hata mimi. Nilijibu kwa kifua mbele. Akatabasamu, akaandika kitu kwenye karatasi yake, na mkuu akanipa wiki sita nilete ushahidi kwamba kiunzi changu kiko hai.

Hapa nikueleze kuhusu mtengenezaji mkuu, maana bila yeye hutaelewa ubaya wa nilichofanya. Namwita Mzee. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, anaishi nchi ambayo sijawahi kukanyaga, na hatujawahi kuonana. Ukimpelekea rekebisho, hata la nukta moja, atalisoma mstari kwa mstari na kukujibu kabla ya siku kuisha, kwa sentensi fupi na kwa heshima. Miaka yote hiyo hajanitolea neno baya, na nimemwuliza maswali ya kijinga mengi tu.

Wiki sita zilipoisha niliwasha projekta mimi. Ukurasa ulionyesha watengenezaji saba, na marekebisho tisini na kitu ndani ya mwezi mmoja na nusu. Bwana Slaidi aliyatazama, akasema takwimu zimesema, akafunga begi lake. Kamati ikapitisha kwa kauli moja. Nilijenga programu, tukaiweka hospitali zote, na wewe mwenyewe ulinisifu kwamba sasa orodha inafunguka kabla hujavuta kiti. Nilifurahi kuliko nilivyokuonyesha.

Sasa dada, wale watano walioongezeka ni mimi.

Nilifungua majina matano ya kubuni. Kila saa ya chakula, wenzangu wakienda kula, mimi nabaki mezani napeleka marekebisho: mkato umekosekana hapa, neno limerudiwa pale, maelezo haya yanyooshwe. Mmoja nilimfanya mpole, mwingine mwanafunzi mwenye haraka, mwingine mkali wa mikato asiyesamehe. Wawili nikawagombanisha juu ya sentensi moja ili waonekane watu kweli, na Mzee akaja kuwapatanisha. Aliwaandikia aya tatu, akawaambia wote wana hoja na kwamba amefurahi kuona vijana wanaojali maneno kiasi hicho. Nilisoma nikacheka peke yangu. Nilijiambia simdhuru mtu, namlipa tu Bwana Slaidi kwa sarafu yake, kwa kuwa anapenda kuhesabu vichwa basi nampa vichwa. Na kila jina lililopeleka rekebisho la kwanza, Mzee alilikaribisha kwa barua yake, tofauti na ya mwenzake. Tano zote ninazo.

Wiki tatu zilizopita aliwaandikia wote watano kwa pamoja. Alisema ana maradhi ya macho, na kwamba upasuaji ameuahirisha miaka mitatu kwa sababu hakuwa na wa kumwachia kiunzi. Sasa amepata watu, anakwenda kutibiwa, na akitoka hospitali hatarudi tena kwenye kazi hii. Funguo za kiunzi, yaani mamlaka ya kukibadilisha, alimkabidhi mwenye bidii kuliko wote, yule mkali wa mikato. Na yule wa kuchungulia naye akaaga siku hiyo hiyo, akisema anaona kazi imepata wenyewe. Mimi nikapokea funguo kwa jina la uongo, nikashukuru, nikanyamaza.

Jumatano ukaja ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemjua, ukielekezwa kwa timu. Amegundua tundu. Mtu wa nje akilijua anaweza kuingia kwenye programu yoyote iliyojengwa juu ya kiunzi hiki na kubadilisha kilichoandikwa humo, bila neno la siri na bila kuacha alama. Naelewa linavyofanya kazi. Kuliziba nimeshindwa. Liko katika sehemu ya zamani kabisa, ambayo ni Mzee peke yake anaijua ilivyosukwa, na kila nikilifunga huku linafunguka kule. Nilimwandikia Mzee nikiomba tu kuzungumza naye, sikusema sababu, sikuwa na uso huo. Akanijibu binti yake. Alisema baba yake amefungwa bandeji macho yote mawili na haruhusiwi kuinuka wala kusumbuliwa kwa mwezi mzima, kisha akamalizia hivi: "Baba anasema msiwe na wasiwasi, mko watano, na yeye kwa mara ya kwanza amelala bila mawazo."

Nimekaa na jibu hilo siku mbili. Nimemkasirikia Bwana Slaidi tena, nimemkasirikia mkuu kwa kicheko chake, nimewakasirikia wote waliosoma takwimu bila kuuliza hawa watano ni akina nani. Na bado nakwambia kiunzi kile ni kizuri, na kuhesabu vichwa ni upuuzi. Lakini swali la yule bwana lilikuwa swali la haki, dada, na jibu lake nilikuwa nalo. Ningesema, nipeni siku moja kila wiki nifanye kazi na Mzee, anifundishe, niwe mtu wa tatu. Mkuu angekubali, mambo kama hayo huwa anakubali. Na Mzee angefurahi. Palikuwa na nafasi ya mtu mmoja wa kweli, mimi nikaijaza watano wa uongo kwa sababu nilichekwa.

Nikishamkabidhi dereva barua hii napanda ghorofani kwa mkuu kumweleza yote na kumwomba aizime programu hospitali zote mpaka nipate msaada. Sijui atanifanya nini, na hilo si la kukuumiza kichwa. Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu kuizima kunataka sahihi tatu, na kabla hazijapatikana wewe utakuwa umesimama kando ya kitanda cha mtu.

Kwa hiyo nakuomba, kwa heshima yote niliyo nayo kwako: ukifungua orodha leo, usiamini kundi la damu unaloliona pale kwenye skrini. La mgonjwa wala la mfuko. Pimeni upya kila kitu kwa mikono yenu, hata kama mgonjwa anazidiwa na kila mtu anakuharakisha, na uwaambie wenzako wa zamu zote. Wakikuuliza nani amesema, watajie jina langu. Moja tu, lile la nyumbani.

Salamu kwa wote wa kwako, na ulipumzishe hilo goti.

Mdogo wako,
Mbishi