Ndoo ya Shilingi Mia Mbili

Nyangamara, Lindi.

Kwa mdogo wangu Alfani,

Marahaba. Najua hukuniamkia, lakini naitikia hivyohivyo, maana nikingoja shikamoo yako nitazeeka. Natumaini u mzima huko Dar, wifi naye hajambo, na kitambi chako kinaendelea vizuri. Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Miguu ya mama bado inavimba, na kuna asubuhi hasimami bila kushika ukuta. Nakujulisha kwa sababu hukuuliza.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu huipokei. Kila nikipiga uko kikaoni. Lakini wiki iliyopita, malipo ya korosho yalipotoka tu, ujumbe wako ukaingia hata chama cha ushirika hakijamaliza kutangaza, unaulizia mgawo wako. Loo! Hicho kikao kiliisha saa ngapi? Basi tulia, mgawo wako nitaufikia. Kwanza nisikilize, na usiruke mstari.

Unakumbuka ulivyokuja Idi ukatuletea Rukia. Ulisema shule za huko zinakumaliza, akae kwa bibi yake mpaka amalize la saba. Nikasema mtoto wako ni wangu, lete begi lake. Hukuishia hapo. Ulimkalisha Rukia na Jafari wangu mkekani, ukawapa kila mmoja kibubu cha mbao, ukawahutubia kama diwani. Ukasema hakuna kazi ya bure duniani, na mtoto asiyelipwa akiwa mdogo atakuwa mtumwa akikua. Ndoo ya maji mia mbili, kufagia uwanja mia, kumkanda bibi miguu mia tano. Yote uliyatoa kwa yule mwalimu wako wa utajiri wa kwenye simu, anayevaa suti juani. Nikakuuliza mbele ya mama, sisi nani alitulipa kuteka maji? Ukacheka, ukasema ndiyo maana mimi bado niko Nyangamara.

Neno hilo nililimeza, lakini halijashuka mpaka leo.

Ukaahidi kutuma hizo hela kila Ijumaa. Ukatuma Ijumaa mbili. Ya tatu kimya, ya nne kimya, nikadhani mchezo umekwisha na watoto wamerudiwa na akili zao. Mimi alfajiri niko shambani, napuliza salfa mikorosho yangu na yako, na msimu ulipofika nikawa naokota korosho zangu na zako. Nikirudi nakuta mapipa yamejaa, uwanja umefagiwa, miguu ya mama imekandwa. Nikawa najisifu kwa jirani yangu Bertha kwamba watoto hawa wamelelewa. Mjinga mimi.

Mwezi uliopita Bi Mwanahija wa ng'ambo ya barabara alifariki ghafla, Mungu amrehemu. Watoto wake hawakuwa na kitu ndani. Wakaja kwetu kuazima sanda ya mama, kama ilivyo ada, waje kuirudisha wakishajipanga. Kijiji kizima kinajua mama anayo. Aliinunua mwenyewe mwaka aliokufa baba, bafta safi, akaifunga kwa uzi mwekundu, akaiweka sandukuni na udi wake na pamba yake, ili siku yake ikifika asimsumbue mtu. Nikalivuta sanduku kutoka uvunguni, wanawake wamesimama nyuma yangu. Nikafungua. Udi upo. Pamba ipo. Bafta hakuna! Nikageuka kumwuliza mama, nikamkuta ameugeukia ukuta.

Alfani, aibu ile nakuombea nawe uionje. Wale wanawake walitazamana, na najua walichofikiri: kwamba mimi, mwanawe ninayekaa naye, nimeila sanda ya mama yangu. Bertha ndiye aliyeniokoa. Alitoka mbio na hela yake mwenyewe hadi dukani, akarudi na bafta. Ilikuwa bado imefungwa kwa uzi mwekundu. Bi Mwanahija amezikwa na sanda ya mama yetu, tena imenunuliwa na Mkristo.

Tuliporudi kutoka msibani nilimbana mama mpaka akasema. Kumbe Rukia alikuwa anakwenda kwake kila Ijumaa kudai malipo yao, kwa adabu kabisa, na mama alishindwa kumwambia mtoto kwamba baba yake ni mwongo. Alisema ahadi ni deni, na aibu ya mwana ni ya mamaye. Akaanza kulipa mwenyewe. Kwanza zilikwenda hela za mikeka anayosuka. Kisha wakaenda kuku wake wawili, wale niliodanganywa kuwa wamekufa kwa kideri. Kisha bafta, akamuuzia mwenye duka kwa nusu ya bei. Na unajua nani aliyeipeleka? Rukia. Akalipwa mia mbili ya kubeba.

Hivi wewe una akili timamu? Mama mzima ananunua maji ya kunywa kwa mjukuu wake, ndani ya nyumba yake! Mama huyuhuyu aliyekubeba mgongoni hadi zahanati ulipopata degedege, mvua inanyesha, na hakukuwa na baiskeli wala gari. Alikutoza ngapi siku ile? Mwulize mwalimu wako wa suti akupigie hesabu.

Nikawaita watoto. Jafari alilia kabla sijafungua mdomo, akaleta kibubu chake pamoja na panga la kukipasulia, akataka vyote vilivyomo apewe bibi. Rukia hakulia. Wala simlaumu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na yeye amefuata ulichomfundisha neno kwa neno. Alinieleza kwamba bibi hakulalamika hata siku moja, kwa hiyo alijua mambo ni sawa. Nikamwuliza, je, siku baba yako akifa, nani atakwenda kumnunulia sanda? Akafikiri, masikini, akafikiri kwelikweli. Halafu akaniuliza kazi hiyo ni shilingi ngapi, na atalipa nani ikiwa baba mwenyewe ameshakufa.

Hakuwa na jeuri, Alfani. Alitaka kujua.

Sasa tuje kwenye mgawo wako. Nimeugusa. Sikukuuliza, na radhi sikuombi. Nilikwenda Lindi mjini nikaingia duka la vitambaa nikanunua sanda mbili kwa fedha yako. Moja ya mama. Ya pili ni yako. Usije ukasema nimekutabiria kifo. Nimemsikia mwanao kwa masikio yangu, na mimi ni dada yako, sikuweza kupata usingizi nikijua hivyo. Zimo sandukuni pamoja, ya mama ina uzi mwekundu, yako nimeifunga kwa mweusi.

Kilichobaki sikitumi kwa simu. Nimempa mama akishike, na nimemwapisha asikutumie hata shilingi. Njoo ukichukue mkononi mwake. Ukifika, kabla hujakaa, ndoo iko mlangoni na kisima unakijua. Ya kwanza utateka wewe, Rukia akikutazama, na usithubutu kumtajia bei.

Mama anakusalimu sana. Amenikataza nisikuandikie haya, anasema una mambo mengi huko na nisikuchoshe. Bertha naye anakusalimu, ingawa sijui kwa nini. Wifi mpe salamu zangu njema, ugomvi huu haumhusu. Jafari anakuamkia. Rukia anasema shikamoo baba, na anauliza zile Ijumaa ulizoruka utamrudishia bibi lini.

Ni mimi dada yako, ambaye bado niko Nyangamara,

Somoe